Tengeneza tovuti ya biashara yako bila kuandika kodi
Je, unashona nguo au unauza chakula Gorom au soko la Konyokonyo, Juba? Unaweza kuwa na tovuti bila kujua kodi za kompyuta. Google Sites ni ya bure: unahitaji akaunti ya Google, kompyuta na intaneti. Unachagua kiolezo, unaburuta maandishi na picha hadi mahali pake, kisha unachapisha. Picha ziwe chache na nyepesi, maana picha nzito humaliza bando la mteja.

Muhimu: tovuti ya umma husomwa na yeyote. Usiweke kadi ya ukimbizi, namba ya usajili, mahali unapoishi wala sura za watoto. Weka bidhaa, bei na namba ya simu ya biashara. Usimpe mtu neno la siri, hata aliyekusaidia kuitengeneza.