Ushuru kwenye makato ya simu: kwa nini anayetuma kidogo ndiye anayelipa zaidi

Wateja wetu wengi wa Kimilili hudhani serikali hukata sehemu ya pesa unazotuma kwa simu. Sivyo. Lakini ni kweli ushuru upo, na kwamba hauzibani nyumba zote kwa nguvu sawa. Hebu tuangalie unavyofanya kazi, kisha tuone utakavyopunguza makato yako mwenyewe.

Ushuru unakatwa wapi?

Hapa Kenya, ushuru wa bidhaa hutozwa kwenye ada ya huduma, si kwenye kiasi unachotuma. Sheria ya Fedha ya 2018 iliupandisha kutoka asilimia 10 hadi 12. Ile ya 2023 ikaufikisha asilimia 15, kuanzia Julai 1 mwaka huo. Bei unayoona kwa wakala tayari ina ushuru ndani. Ukikatwa Sh13, karibu Sh1.70 zinaenda KRA.

Wenzetu wa Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Lwakhakha, walipitia njia nyingine. Julai 2018 serikali yao ilianza kutoza asilimia 1 ya pesa zenyewe. Wananchi wakalalamika, na kufikia Novemba ushuru huo ukashushwa hadi nusu asilimia, tena kwa anayetoa pesa tu.

Kiwango ni kimoja, mzigo si mmoja

Tutumie bei za M-Pesa za baada ya Julai 2023, kwa kuwa ndizo wengi wanazijua.

- Mama mboga anayetuma Sh1,000 kwa mtoto aliye shuleni hukatwa Sh13. Hiyo ni Sh1.30 kwa kila mia.
- Mfanyabiashara wa mahindi anayemlipa mkulima Sh50,000 hukatwa Sh108. Hiyo ni kama senti 22 kwa kila mia.

Ushuru wa mfanyabiashara ni mkubwa ukihesabu shilingi: takriban Sh14 dhidi ya Sh1.70. Lakini ukipima kwa kila elfu moja inayotumwa, mama mboga analipa ushuru mara sita zaidi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawakuligundua 2023. Ushuru ulipopanda kutoka 12 hadi 15, ada ya kutuma Sh50,000 ilitoka Sh105 hadi Sh108, yaani haikuongezeka hata asilimia 3. Ada ya kutuma Sh500 ilitoka Sh6 hadi Sh7, ongezeko la zaidi ya asilimia 16. Ni kwa sababu ada huwekwa kwa shilingi nzima, na kwa ada ndogo shilingi moja ni kubwa. Mtu wa kibarua anayetuma mia tatu leo na mia mbili kesho ndiye aliyeisikia.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza ushuru huu ufike asilimia 20. Uliondolewa Juni 2024 baada ya maandamano.

Si kila kanuni humuumiza mdogo

Machi 2020, corona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kutuma hadi Sh1,000 kuwe bure. Mpango huo uliendelea hadi mwisho wa mwaka. Aliyefaidika zaidi ni anayetuma kidogo kidogo. Tangu Januari 2021 kilichobaki bure ni kutuma hadi Sh100.

Agosti 2023 kikomo cha pesa unazoweza kuweka kwenye akaunti ya M-Pesa kilipanda kutoka Sh300,000 hadi Sh500,000. Hiyo ilimfaa mwenye duka la jumla au anayenunua mahindi kwa lori. Kwa mtu wa boda boda ambaye salio lake halifiki elfu tano, hakuna kilichobadilika.

Wewe ufanye nini?

Ushuru huwezi kuukwepa, lakini idadi ya ada unaipanga mwenyewe. Tuseme kijana aliye Nairobi anamtumia mamake Sh2,000 kwa mwezi, na mama anatoa zote kwa wakala:

- Akituma Sh500 mara nne na mama akatoa kila mara: kutuma Sh28, kutoa Sh116. Jumla Sh144.
- Akituma Sh2,000 mara moja na mama akatoa mara moja: kutuma Sh33, kutoa Sh29. Jumla Sh62.
- Akituma Sh500 mara nne, mama akaziacha kwenye simu na kutoa zote pamoja: Sh28 na Sh29. Jumla Sh57.

Umeona? Pesa nyingi zinapotelea kwa kutoa, si kwa kutuma. Kutoa Sh500 na kutoa Sh2,500 kuna ada ileile ya Sh29. Kwa hivyo:

1. Usitoe kila pesa inapoingia. Ngoja zifike kiasi unachohitaji kwa wiki.
2. Dukani au kwa duka la dawa, uliza kama wana till ya Buy Goods. Mteja hakatwi kitu akilipa hivyo, na hata hana haja ya kwenda kwa wakala.
3. Kabla ya kutoa, tazama kiwango cha ada. Kutoa Sh2,600 kunagharimu Sh52. Ukitoa Sh2,500 ni Sh29.
4. Usimwambie wakala aweke pesa moja kwa moja kwenye laini ya mtu mwingine ili kukwepa ada ya kutuma. Hairuhusiwi, na namba ikikosewa kuzirudisha ni shida.

Kwa nyumba inayoishi kwa Sh300 kwa siku, ile tofauti ya Sh87 kati ya njia ya kwanza na ya tatu ni unga na mboga za jioni moja. Bei zikibadilika tena bungeni likipitisha sheria mpya, piga hesabu hii upya kabla ya kutuma.