Tangi la Kioo, Lambo la Ng'ombe na Mwani wa Ghuba ya Speke

Mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, watafiti wawili wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi Mwanza, Els Witte-Maas na Frans Witte, walimpa furu mmoja wa kwenye miamba ya Ziwa Victoria jina la rais huyo. Kisayansi leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na tumbo jeusi, na kwa uzuri huo limekuwa pambo la sebuleni Ulaya na Marekani. Ajabu ni kwamba mfugaji wa Berlin humwona samaki huyu vizuri kuliko mvuvi wa Busega. Maji ya tangi la kioo ni maangavu. Maji ya ziwa letu, hasa karibu na pwani, yamegeuka kijani.

Ukijani huo ni mwani, viumbe vidogo visivyo na mizizi wala majani ya kweli, vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mwingine ni utando unaoganda kwenye kioo, mwingine ni nyuzi zinazojisokota kwenye majani ya mimea, na mwingine huelea hadi maji yote yakafanana na mlenda. Kundi moja linalohesabiwa humo kwa mazoea, sianobakteria, kwa kweli ni bakteria. Tutarudi kwake, maana ndilo lenye sumu.

Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, unaligusa ziwa katika wilaya moja tu, Busega, kwenye Ghuba ya Speke. Lakini mto wenye jina la mkoa unaligusa kila mwaka. Maji yake hukusanywa kuanzia upande wa Serengeti, kwenye bonde la zaidi ya kilomita za mraba 10,000, yakapita katikati ya mashamba ya pamba na malisho, kisha yakamwagika ziwani Magu. Mvua za kwanza zinaponyesha baada ya kiangazi, mto huo hauna rangi ya maji. Una rangi ya udongo wa Bariadi na Maswa.

Na udongo ndio kisa chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920, watafiti wa Kiingereza waliopima ziwa kwa kushusha kisahani cheupe kwa kamba waliendelea kukiona hadi mita saba au nane kwenda chini. Kufikia miaka ya 1990, mahali pengi kisahani hicho kilipotea kabla ya mita tatu. Tope la sakafuni mwa ziwa, lililochimbuliwa na kusomwa tabaka kwa tabaka na kundi la Dirk Verschuren, linaonyesha kwamba mabadiliko yalianza tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo. Sangara, ambaye hutwishwa lawama zote za ziwa, alipandikizwa miongo miwili baadaye. Kuna mengi ya kumlaumu sangara, lakini ukijani haukuanza naye.

Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 madhara ambayo wengi hawakuyafikiria. Majike ya furu huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa machafu, mwekundu na wa buluu hawatofautiani tena machoni mwa jike, na jamii mbili zilizokuwa zikitengana huanza kuchanganyika. Kuzunguka kisiwa cha Makobe, Ghuba ya Speke, ambako maji yalikuwa maangavu zaidi, rangi zilibaki kali. Ndani ya Ghuba ya Mwanza zilififia.

Sasa, mwani unalishwa na nini? Jibu maarufu kuliko yote lilitoka Kanada. Mwaka 1973, David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo lililopewa namba 226 katika jimbo la Ontario, wakaligawa kwa pazia la plastiki kutoka ukingo hadi ukingo. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hivyohivyo, wakaongeza fosforasi. Msimu haukuisha kabla upande wa fosforasi haujawa kijani kibichi, na wa kwanza ukabaki kama ulivyokuwa. Picha ya ziwa hilo kutoka angani, nusu kijani na nusu jeusi, ilisaidia kuwashawishi wakubwa kupunguza fosfeti kwenye sabuni za kufulia.

Fosforasi haisafiri sana peke yake. Hushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo shamba linalomomonyoka hupeleka mbolea yake ziwani. Ukitaka kupunguza mwani wa Ghuba ya Speke, anza na kingo za mito ya Itilima na Bariadi.

Hapa wafugaji wa samaki wa mapambo walichukua somo la Ontario kwa pupa. Katika miaka ya 1990, Wakanada wawili, Paul Sears na Kevin Conlin, walipendekeza kwamba ndani ya tangi lenye mimea ufunguo ni kuinyima fosforasi: ipe mimea naitrojeni, potasiamu, chuma na madini mengine kwa wingi, bali fosforasi iwe haba, nayo mimea itauwahi mwani kwenye kile kidogo kilichopo. Watu wengi walifuata na kufaulu. Kisha Mmarekani Tom Barr akafanya kinyume. Alitia fosfeti kwa makusudi kwenye matangi yaliyosheheni mimea yenye afya, na mwani haukuja. Mimea ikazidi kunawiri.

Je, Schindler alikosea? Hapana. Ziwa 226 halikuwa tangi lililojaa mimea. Mahali ambapo mimea mikubwa ni michache, mbolea inayoingia haina mlaji mwingine ila mwani. Mahali ambapo mimea imejaa na haikosi kitu, mwani hukuta sahani tupu. Mwaka 1993 Marten Scheffer wa Uholanzi na wenzake walieleza jambo linalofanana na hilo kwa maziwa yenye kina kifupi: ziwa moja, kwa kiasi kilekile cha mbolea, linaweza kuwa angavu lenye mimea au la kijani lisilo na mimea, na kila hali hujilinda. Mimea hutuliza tope na kupitisha mwanga. Mwani huziba mwanga na kuua mimea. Kutoka hali ya pili kurudi ya kwanza ni kazi ngumu kuliko kuingia.

Ndiyo maana naona sumu ya mwani inayouzwa madukani ni fedha iliyotupwa. Mwani kwenye tangi ni taarifa kwamba mimea imekwama, na swali la kujiuliza ni imekwama kwa kukosa nini.

Mara nyingi ni kaboni. Angani mmea hauna shida nayo, lakini ndani ya maji gesi ya kaboni dayoksaidi husambaa polepole karibu mara 10,000 kuliko hewani, na maji yaliyotulia hubaki na chini ya miligramu moja kwa lita. Wapenzi wa mimea hupandisha hadi 20 au 30. Mitungi ya gesi na vidhibiti vyake ni ghali, ila njia ya sukari na hamira inafaa kabisa kwa tangi dogo, na mahitaji yake yapo kila duka la Bariadi. Chukua chupa ya lita mbili, tia vikombe viwili vya sukari, maji vuguvugu hadi robo tatu, na robo kijiko cha chai cha hamira. Toboa kifuniko, pitisha mrija mwembamba kama ule wa dripu, ziba kwa silikoni. Mrija upite kwanza kwenye chupa ndogo yenye maji ili povu la pombe lisiwafikie samaki, ndipo uingie tangini. Itatoa gesi wiki mbili hadi tatu. Samaki wakianza kuhema juu ya maji, toa mrija na uyakoroge maji, gesi imezidi.

Kinachofuata ni mwanga, na hapa ukarimu wa jua letu unatuponza. Bariadi iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, mchana wake ni saa kumi na mbili mwaka mzima, na tangi lililowekwa dirishani litakuwa supu ya kijani hata ukilitunza vipi. Liweke ukuta wa ndani, uliwashie taa saa sita hadi nane. Maji yakishakuwa ya kijani, funika tangi kwa blanketi siku tatu au nne bila kuchungulia: mimea ina akiba, mwani unaoelea hauna. Kwa hiyo kukatika kwa umeme si adui wa tangi upande wa mwanga. Adui ni pampu iliyosimama, kwa sababu bakteria wema wa kwenye chujio wanahitaji oksijeni.

Lisha samaki kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, badilisha theluthi ya maji kila wiki, na maji uliyotoa yanyweshe mchicha, maana yana mbolea. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Mimea ya mwanzo iwe ile inayokua haraka. Bora kuliko yote ni serato, yaani Ceratophyllum demersum, nyuzi za kijani kama mkia wa paka zinazoota Ziwa Victoria lenyewe. Haina mizizi, hunyonya chakula moja kwa moja majini, na kwa kazi hiyo huishinda mimea mingi ya dukani.

Ila usikimbilie kuchota mimea lamboni kwa mikono mitupu. Vitabu vya kigeni husifu konokono kama wala mwani, navyo ni kweli, lakini vimeandikwa na watu wasio na kichocho. Usukumani, konokono wa jamii ya Bulinus wanaoishi kwenye malambo na madimbwi ya msimu ndio wanaobeba kichocho cha mkojo. Vaa glavu, suuza mmea kwa maji safi, kagua chini ya majani mayai yanayofanana na ute, yakwangue na kuyatupa. Ukitaka mlaji wa mwani, ziwa lina furu wa miamba wanaoitwa mbipi, na baadhi yao meno yao yameumbwa kwa kukwangua mwani kwenye mawe.

Mrututu usiuguse. Kweli huua mwani, lakini huua pia konokono, huumiza samaki na mimea, na mwani ukifa wote kwa pamoja huoza na kumaliza oksijeni. Kama ni sianobakteria, seli zinazopasuka humwaga sumu iliyokuwa ndani yake.

Sumu hiyo si jambo la sebuleni tu. Mwaka 1878 George Francis aliandika katika jarida la Nature jinsi kondoo, farasi na ng'ombe walivyokufa kwa kunywa utando wa kijani wa Ziwa Alexandrina, Australia. Mwaka 2020 zaidi ya tembo 300 walikufa Botswana, na serikali ya nchi hiyo ikataja sumu ya sianobakteria kwenye madimbwi waliyokunywa. Mfugaji wa Meatu akiona lambo la kiangazi, lililokauka nusu na kujaa samadi, limefunikwa rangi ya kijani-buluu kama iliyomwagika, asinyweshe mifugo upande ambao upepo umeusukuma utando. Wala asidhani kuchemsha kutasaidia maji ya nyumbani: sumu kuu ya kundi hili, maikrosistini, haiharibiwi na kuchemsha kwa kawaida.

Walimu wa baiolojia wa Nyashimo, Lagangabilili au Mwanhuzi wanaweza kurudia jaribio la Schindler bila ziwa wala pazia. Chota maji ya lambo, yaache yatuame, ujaze chupa nne angavu za lita moja na nusu. Ya kwanza iache hivyohivyo. Ya pili tia punje moja ya urea, ambayo ni naitrojeni bila fosforasi. Ya tatu tia punje moja ya DAP, ambayo namba zake 18-46-0 zinaonyesha kwamba ina vyote viwili. Ya nne tia DAP pamoja na shada la serato. Ziweke mahali penye mwanga, si juani moja kwa moja, na usitie samaki. Chupa ya tatu ndiyo ya kutazamiwa kuwa kijani, na ya nne ichelewe. Lakini chupa ya urea nayo ikigeuka kijani, msishangae: lambo lenu limekwisha kujaa fosforasi, na kilichokuwa kinaubana mwani ni naitrojeni. Ndivyo ilivyo hata sehemu nyingi za Ziwa Victoria, na ndiyo sababu sianobakteria wanaojichotea naitrojeni kutoka hewani wamestawi humo.

Dawa ya lambo ni ileile ya tangi, ikianzia juu ya mteremko. Ngitili, malisho yanayofungwa ili nyasi na miti virudi, ambayo mradi wa HASHI uliyahimiza tangu 1986 wakati sehemu kubwa ya Simiyu ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, hushika udongo pamoja na fosforasi yake. Matete na mafunjo mlangoni mwa maji hushika kinachoponyoka. Birika la kunyweshea nje ya ukingo huzuia samadi kuingia.

Jambo la mwisho ni kwa anayefuga samaki nyumbani. Mimea ya tangi huzidi, na hiyo ni dalili njema, lakini usiimwage mtoni wala lamboni. Magugu maji yaliyoanza kulitesa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 yana asili ya Amerika Kusini na yalisambazwa duniani kama ua la bustani. Salvinia, inayolisumbua ziwa siku hizi, nayo ni mmea unaouzwa kwa ajili ya matangi. Anika mimea iliyozidi juani mpaka ikauke kabisa, kisha itie shambani.