Garimoshi la bati na hatari ya risasi nyumbani

Alikuja katika kliniki yangu hapa Muthurwa amekifunga kidole kwa kitambaa kilicholowa damu, na kwapani amebana kitu kilichofunikwa gazeti. Nilipouliza kilichomkata, kijana huyo wa miaka 19 alilifunua gazeti. Lilikuwa garimoshi. Si kile kigari cha mkebe ambacho kila mmoja wetu alikiburuta utotoni, bali injini nzima ya mvuke iliyoundwa kwa bati, yenye tangi, bomba la moshi, taa ya mbele, hata vishikio vya mlango wa dereva.

Wenyeji wa mtaa huu hawatashangaa. Muthurwa ilijengewa wafanyakazi wa reli, na si mbali na hapa lipo Jumba la Makumbusho ya Reli lililofunguliwa mwaka wa 1971. Humo mna behewa ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka wa 1900. Mna pia injini iliyotumiwa katika filamu ya Out of Africa, iliyotolewa mwaka wa 1985. Kijana wetu aliitazama filamu hiyo, kisha akaenda kuipima injini yenyewe kwa tepu. Aliamua kila sentimita 20 za injini ziwe sentimita 1 katika mfano wake. Maadamu reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000, yake ilitoka milimita 50 kamili. Nakiri nilikisahau kidole kwa dakika kadhaa.

Tukirudi kwa kidole, bati la mkebe hukata kama wembe, na mikebe aliyokuwa akiitumia aliiokota sokoni, kwenye matope. Jeraha la namna hiyo lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, na mwenyewe aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Akina mama hudungwa wanapokuwa waja wazito. Mwanamume aghalabu hubaki na dozi za utotoni tu, ambazo nguvu zake hupungua. Ikiwa jeraha ni chafu na sindano ya mwisho imepita miaka 5, adungwe nyingine. Nilimdunga.

Kilichonitia wasiwasi hasa ni magurudumu. Yalikuwa mazito, ya rangi ya kijivu, na yaliacha alama kidoleni mwangu nilipoyagusa.

"Umeyatoa wapi haya, kijana wangu?"

"Niliyamimina mwenyewe, daktari. Nilivunja betri kuukuu ya gari, nikayeyusha zile sahani za ndani."

Aliziyeyushia kwenye jiko la makaa, katika sufuria ya nyumbani, ndani ya chumba kimoja anamolala yeye, mama yake na dada yake mdogo wa miaka 4. Nikamwomba amlete huyo mtoto kesho yake.

Msomaji, risasi ninayozungumzia si ya bunduki. Ni madini laini ya rangi ya kijivu ambayo huyeyuka kwa joto la nyuzi 327, joto ambalo makaa hulifikia bila taabu. Sahani za betri zina unga wa madini hayo, na unga huo ni mbaya kuliko hata moshi wake. Hutua sakafuni, kwenye blanketi na kwenye vyombo. Mtu mzima akiumeza, sehemu kubwa hutoka. Mtoto hufyonza mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima, na ndiye atambaaye sakafuni na kutia vidole mdomoni. Ukishaingia mwilini, hupunguza damu, huharibu figo na kudumaza ubongo unaokua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi wengi waliathirika kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira iliamua kwamba haki zao zilikiukwa.

Balaa ni kwamba ugonjwa huu haujitangazi. Mtoto hulalamikia tumbo, hukosa choo, hukataa chakula, huwa mkali bila sababu. Mama humpa dawa ya minyoo. Mama wa msichana huyu alikuwa amempa mara mbili.

Njia ya kujua ni kupima damu, na si kila maabara hupima, kwa hivyo uliza kwanza. Kulingana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2021, damu ikiwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kwa mtoto wa miaka 10 au chini, dawa za kuyaondoa madini hayo huanzwa yakifika 45. Damu ya msichana ilivuka 5 kwa mbali ingawa haikufika 45, hivyo matibabu yake yalikuwa kuisafisha nyumba.

Hapa ndipo watu hukosea. Usifagie unga huo kwa ufagio mkavu, kwani utaupeperusha. Panguza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mara kadhaa. Sufuria iliyoyeyushia risasi isipikiwe tena chakula kamwe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mafundi wa jua kali pale Kamukunji hupenda kuniambia kwamba wao hunywa maziwa kuosha sumu. Maziwa hayaoshi sumu. Ni kweli kwamba mwenye njaa hufyonza risasi zaidi, na kwamba chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu humkinga mtoto kiasi, kwa hivyo omena na sukuma wiki zina kazi yake. Lakini glasi ya maziwa baada ya kazi haifuti kazi yenyewe.

Mengine niyataje kwa ufupi. Waya wa kulehemu mara nyingi huwa na risasi. Nawa mikono kabla ya kula, na mwenye pumu aukwepe moshi wake. Kupiga msasa bati lenye rangi ya zamani hutoa unga ule ule, basi lilowanishe kwanza. Thina na gundi zifunguliwe nje, si chumbani penye jiko linalowaka, kwa sababu mvuke wake hulevya na hushika moto. Gundi ya papo hapo ikinasa vidole, viloweke katika maji vuguvugu ya sabuni. Usivibandue kwa nguvu.

Sikumkataza kijana kazi yake. Magurudumu mapya alichongewa na seremala wa Gikomba, ya mti mgumu, na uzito akauongeza kwa nati za chuma zilizofichwa ndani ya tangi. Karakana yake sasa ni kibaraza cha nje. Damu ya dada yake tuliipima tena baada ya miezi 3, ikawa imeshuka lakini bado haijafika chini ya 5. Atarudi kupimwa mwezi ujao.