Kifafa: Mtukutiko Unaanzia Wapi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulisema kwamba mtukutiko hutokea umeme wa ubongo unapovurugika. Hoja yangu leo ni kwamba namna unavyoanza ndiyo ushahidi wa chanzo chake, na kwa wakazi wengi wa Bungoma na Kitale ushahidi huo hauelekei kwa mganga, unaelekea chooni. Mtukutiko wa jumla hukamata pande zote za ubongo kwa mpigo: mtu huanguka, hukakamaa, hurusha mikono na miguu, hutoa povu, pengine hujikojolea. Upo pia wa jumla usio na kishindo: mtoto huduwaa sekunde chache darasani, kisha huendelea kuandika, na mwalimu humwadhibu kwa uzembe. Mtukutiko wa sehemu ni tofauti. Kidole gumba cha kushoto huanza kucheza, mchezo ukapanda mkono hadi shavuni, mgonjwa akiwa macho na akijiona. Huenda akaanguka baadaye. Majirani wanaofika mbio huliona anguko tu. Daktari akiambiwa habari za kidole, atashuku kasoro upande wa kulia wa ubongo. Hata dawa hutegemea hilo: kabamazepini, inayofaa mtukutiko wa sehemu, inaweza kuzidisha kule kuduwaa kwa mtoto.

Kasoro hiyo huweza kuletwa na ajali ya bodaboda, uzazi wa shida au malaria iliyopanda kichwani. Lakini anayeanza kuanguka ukubwani, kwenye vijiji ambako nguruwe huzurura wakila kinyesi vichakani, lazima afikiriwe tegu wa nguruwe. Mwislamu au Msabato atapinga: sijawahi kumla mnyama huyo. Pingamizi lake halisimami. Nyama isiyoiva humpa mlaji tegu wa tumboni. Kifafa huletwa na mayai ya tegu huyo, yanayotoka na kinyesi cha binadamu na kufika kwenye maji, sukuma wiki au mikono ya mpishi. Viluwiluwi husafiri kwa damu hadi ubongoni, vikajifungia vifukoni, na miaka inaweza kupita kimya mpaka kifuko kife na ubongo uvimbe. Na wagonjwa wawili katika boma moja, je, si laana? Kifafa cha kurithi kipo, lakini watu wa boma moja pia hula chungu kimoja na kutumia choo kimoja, kama kipo. Povu halimwambukizi mtu.

Asomaye haya asikimbilie duka la dawa kununua dawa za minyoo. Zikiua vifuko vingi kwa pamoja, uvimbe unaweza kuongezeka. Kwanza ipigwe picha ya ubongo.