Kulea Akili ya Hesabu

Watu wengi hudhani ya kuwa akili ya hesabu ni tunu ya kuzaliwa nayo, na ya kwamba mtoto asiyejibu upesi hana tunu hiyo. Dhana hii yapoteza watoto wengi. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi watu wa nchi moja ya Ulaya, yaani Hungaria, walivyofuata njia nyingine.

Mwaka 1894 mwalimu Dániel Arany alianzisha katika mji wa Győr gazeti la hesabu kwa wanafunzi wa shule za sekondari. Gazeti lilitoa maswali magumu. Mwanafunzi akayafikiri kwao kwa siku nyingi, akaandika jibu pamoja na sababu zake, akalipeleka kwa posta. Majibu mazuri yalipigwa chapa, na majina ya waliofaulu yakatangazwa, hata mtoto wa mji mdogo akajulikana mbali.

Mwaka huo huo yalianzishwa mashindano kwa vijana waliokwisha maliza shule. Walipewa maswali matatu tu, na ruhusa ya kutazama vitabu, kwa maana majibu hayakuwamo vitabuni. Swali mojawapo la mwaka huo ni hili. Chagua namba mbili. Kwanza, jumlisha mara 2 ya namba ya kwanza na mara 3 ya namba ya pili. Kisha jumlisha mara 9 ya ile ya kwanza na mara 5 ya ile ya pili. Onyesha ya kuwa jumla moja ikigawanyika kwa 17 bila baki, na nyingine hugawanyika vile vile.

Tukichagua 4 na 3, twapata 17 na 51, ni kweli. Lakini mfano mmoja si ushahidi. Siri ni hii: chukua jumla ya kwanza mara 4, uiongeze kwenye jumla ya pili. Daima utapata mara 17 ya namba ya kwanza na mara 17 ya namba ya pili. Basi kwa kuwa yote pamoja hugawanyika kwa 17, sehemu moja ikigawanyika, nyingine haina budi kugawanyika; na ile 4 haizuii neno, kwani haina kigawo kimoja na 17 ila 1. Mtoto aliyeona haya kwa akili yake amepata faida kuliko aliyehifadhi majedwali mia kwa moyo.

Mwalimu László Rátz, aliyeshika uhariri wa gazeti lile mwaka 1896, baadaye alimtambua mwanafunzi wake John von Neumann. Alimwendea baba yake, akashauri mtoto afundishwe zaidi na walimu wa chuo kikuu, huku akikaa darasani na wenziwe. Kijana yule akawa mmoja wa waliotengeneza misingi ya kompyuta.

Basi, walimu, andikeni ubaoni swali moja gumu kila juma, wala msidai jibu siku ile. Ulizeni, "Kwa nini?" Wazazi, mpeni mtoto, wa kike na wa kiume, saa moja pasipo kazi za nyumbani. Nanyi wakubwa wa vijiji, yasomeni barazani majina ya waliofaulu. Mambo haya hayana gharama kubwa. Bali akili isiyotambuliwa ni hasara ya watu wote.