Usivute Pumzi, Ishushe

Walimleta kwa bajaji saa moja asubuhi, mwanawe kamshika mkono wa kulia, jirani kamshika wa kushoto. Kanga alikuwa ameikaza kifuani kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Moyo ulikuwa unamwenda mbio tangu alfajiri, midomo ina ganzi, vidole vya mikono vimejikunja na havikunjuki. "Nakufa, daktari," aliniambia, na macho yake yalionyesha kwamba anaamini anachosema. Jirani hakunyamaza hata kidogo: "Vuta pumzi mama, vuta ndefu! Vuta tena!" Naye alivuta kwa nguvu zake zote. Kila alipovuta, vidole vilizidi kukakamaa.

Wenzangu walimpima presha, sukari, wingi wa damu na umeme wa moyo. Vyote vilikuwa sawa. Ilikuwa mara yake ya tatu kufika hospitali ndani ya mwezi mmoja, na mara mbili za mwanzo, kwingineko, alirudishwa nyumbani kwa maneno yale yale: huna ugonjwa, usiwaze sana. Maneno hayo yananiuma kila ninapoyasikia. Mtu ambaye vidole vyake vimejikunja kama makucha ya kuku ana tatizo, na tatizo hilo lina maelezo.

Maelezo yenyewe ni haya. Mtu akipumua kwa kasi na kwa nguvu kuliko mwili unavyohitaji, haongezi oksijeni ya maana, kwa sababu damu yake ilikuwa nayo ya kutosha tangu mwanzo. Anachofanya ni kuitoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Shuleni tulifundishwa kuwa hiyo ni hewa chafu, tukaishia hapo. Kumbe ndiyo inayosaidia kuweka sawa asidi ya damu. Ikipungua ghafla, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa, kichwa kikawa chepesi. Neva za midomo na vidole huanza kuchomachoma na kufa ganzi. Misuli ya mikono hujikunja. Mgonjwa akiona hayo huogopa zaidi, na akiogopa hupumua kwa kasi zaidi. Jirani yule, kwa mapenzi mema kabisa, alikuwa anauchochea moto.

Na hofu yenyewe ilianzia wapi? Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo, kiasi cha punje ya lozi, iitwayo amigdala. Kazi yake ni kulinda. Ikihisi hatari haingoji ufikiri. Ishara hushuka hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, adrenalini ikamwagika kwenye damu, moyo ukaongeza mwendo, mate yakakauka, tumbo likasimamisha kazi yake. Upande huu wa mfumo wa neva huitwa simpathetiki, na bila huo wazee wetu wasingemkimbia simba. Lakini kengele hii ikishalia haielewi hoja. Ndiyo maana ukimwambia mtu "tulia" mara kumi hatulii hata mara moja, na wewe mwenyewe ukijiambia hivyo saa nane usiku kitandani, unaishia kuhesabu mabati.

Kinachoizima ni mwili. Upande wa pili wa mfumo huo, parasimpathetiki, hutegemea sana neva moja ndefu iitwayo vagasi, jina la Kilatini lenye maana ya mzururaji. Na kweli inazurura: inatoka kwenye shina la ubongo, inapita shingoni, inagusa moyo na mapafu, inashuka hadi tumboni na kwenye utumbo. Namna inavyoutuliza moyo tuliijua kwa ushahidi mwaka 1921, kutokana na kazi ya Otto Loewi mjini Graz, Austria. Alichukua mioyo miwili ya chura, akaiacha ikidunda ndani ya maji ya chumvi. Akaichokoa neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, mapigo yakapungua. Kisha akayachukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akayatia kwenye moyo wa pili ambao hakuugusa kabisa. Nao ukapunguza mwendo. Neva ilikuwa imemwaga kitu ndani ya maji, kitu ambacho leo tunakiita asetilikolini. Loewi alisimulia kwamba wazo la jaribio hilo lilimjia ndotoni. Mwaka 1936 yeye na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel.

Kitu hicho kinamwagika ndani yako sasa hivi unaposoma, na kinaongezeka kila unapotoa hewa. Jaribu. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utafute mapigo. Vuta hewa taratibu. Mapigo yanasogeleana kidogo. Itoe taratibu zaidi, yanaachana. Kwa vijana tofauti hiyo huwa wazi, kwa wazee hufifia. Mtu aliyefika salama baada ya safari ya mashaka, au aliyepokea majibu mazuri ya vipimo, tunasema ameshusha pumzi. Sijui neno la kitaalamu linaloeleza kazi ya vagasi vizuri kuliko hilo.

Basi kwa yule mama sikusema avute. Nilikaa kwenye kiti cha chini kuliko chake, nikapunguza sauti, nikamwomba afikirie bakuli la uji wa moto mbele yake na aupooze: midomo ameibana kidogo, anapuliza polepole mpaka hewa iishe, kisha anaacha irudi yenyewe kupitia puani. Mara tano za kwanza zilimshinda. Mwanawe akaanza kupuliza pamoja naye. Baada ya kama dakika kumi kidole cha shahada kilinyooka, vingine vikafuata, na mama akaviangalia kama mtu anayerudishiwa mali yake.

Watu wetu wamekuwa wakirefusha pumzi inayotoka kwa karne nyingi bila kuambiwa na daktari. Bibi anayemfunga mjukuu mgongoni na kumwimbia kwa kumumunya sauti anatoa hewa ndefu, na mtoto anauhisi mgongo ule ukitulia. Mwaka 2001 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake: waliwapima watu 23 wakisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka mantra za yoga, na katika hali zote mbili upumuaji ulishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Anayesali rozari jioni, anayeleta uradi baada ya swala, anayeimba kwaya, wote wana mazoezi haya mikononi.

Nyuzi nyingi za vagasi, takriban asilimia 80, hupeleka habari kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo, wala si kinyume chake. Ubongo unauliza mwili, "Huko kukoje?" Taya zilizobanwa, mabega yaliyopanda masikioni na pumzi fupi hujibu kwamba kuna vita. Kwa hiyo mazoezi haya yafanywe siku ambayo hakuna tatizo, dakika tano tu, ili mwili uijue njia kabla ya giza kuingia.

Lakini nisieleweke vibaya. Wiki mbili baadaye yule mama alinieleza kilichokuwa kinamwamsha alfajiri: mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na simu za wadai zinazoanza kabla ya adhana. Kengele yake haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kweli. Kupooza uji hakulipi deni. Kulimpa kichwa kilichotulia, akaweza kuandika anadaiwa nini na nani, na kumweleza kaka yake jambo alilomficha mwaka mzima. Vivyo hivyo anayepigwa nyumbani: mwili wake una haki ya kuogopa, na hatua ya kwanza ni kuwa mahali salama. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo.

Wala usijitibu kwa makala. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, kuzimia, kukosa hewa hata ukiwa umekaa, hayo ni ya kukimbizwa hospitali. Moyo kwenda mbio mara kwa mara kunaweza pia kutokana na upungufu wa damu au tezi ya shingo, na vyote viwili vinapimika.

Na mtu akikujia ameshika kifua, na madaktari wameshamwambia moyo wake ni mzima, usimhimize avute pumzi. Kaa naye chini, mshike mkono kama ataridhia, mpooze uji pamoja.