Uteuzi wa Muunganisho wa Maikrofoni katika Kurekodi Data ya Kiimbo Uwandani

Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki una masafa ya hezi 50. Waya wa maikrofoni unapounasa mlio wake, hezi 100 na 150 zinazouandamana huangukia palepale ilipo sauti ya msingi ya mzungumzaji wa kiume. Mtafiti wa kiimbo hawezi kuziondoa baadaye bila kuidhuru data yenyewe.

Katika muunganisho wa waya mmoja, kifuniko cha metali ndicho pia njia ya kurejea, kwa hiyo kelele iliyonaswa hujumlishwa na sauti. Muunganisho sawazishi hutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja ndani ya kifuniko. Kelele huziingia zote mbili kwa kiasi kilekile. Kipokezi huchukua tofauti iliyopo baina yake, na kelele hujifuta. Aghalabu hudhaniwa kwamba ni lazima sauti ipite kinyume katika nyaya hizo mbili. La hasha: sharti ni nyaya zote mbili ziwe na ukinzani ulio sawa kuelekea ardhi.

Kwa waya wa mita moja, mbali na nyaya za umeme, muunganisho wa waya mmoja unatosha, nao ni nafuu. Msimulizi akiketi mita 10 kutoka kwenye kinasasauti, muunganisho sawazishi hauepukiki. Hata hivyo, adapta inayoipeleka plagi ya XLR katika tundu la kawaida la milimita 3.5 huondoa faida hiyo yote, hata waya uwe wa bei gani.